Shangazi, nina miaka 44 na nataka kuacha chaki nishike spana

Shangazi, assalamu alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Nina mke mmoja na watoto wanne. Mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo ndiyo kwanza ameingia maandalizi. Nasomesha hisabati na sayansi darasa la tano na la sita, zamu ya asubuhi, na huu ni mwaka wangu wa 21. Sijagombana na mkuu wa skuli, na wanafunzi wangu wakinikuta njiani hunipokea mzigo. Naanza na hayo usije ukadhani nimeharibu mahali.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili: nataka kusomea ufundi wa mafriji.

Umeme wa waya wa chini ya bahari ulipotufikia kutoka Tanga mwaka 2010, ndipo watu wa huku walipoanza kununua mafriji kwa wingi. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha, na anayeijua Pemba ya siku zile anajua umeme ule ulikuwaje. Na mimi nikanunua langu, la mtumba, kutoka Unguja. Miezi mitano likafa. Fundi aliyekuja akaniambia kompresa, ile mota inayosukuma gesi, imekwisha, akachukua pesa ya kuja kuangalia, akaondoka. Nikalifungua mwenyewe usiku, watoto wamelala. Kompresa ilikuwa nzima. Kilichokufa ni rilei, kidude cha kuiwashia kompresa, hakizidi kiberiti. Nikanunua nyingine Chake Chake, nikaichomeka, friji likanguruma. Shangazi, sijui nikueleze vipi furaha ile. Nilikaa chini sakafuni nikalisikiliza mpaka adhana ya alfajiri.

Tangu hapo majirani wananiita. Mwaka huu peke yake, tangu Shaaban mpaka Idi, nimetengeneza mafriji kumi na moja. La mama wa Limbani anayeuza barafu, la maji ya msikitini kwetu, mawili ya duka moja la Jadida, la shemeji yangu, na friza la bwana mmoja anayechukua samaki kwa wavuvi wa Kojani, ambalo lingekaa siku moja zaidi mzigo wote ungeoza. Yanayohusu umeme nayamaliza. Ya kujaza gesi ndiyo yanayonirudia: najaza leo, wiki sita baridi hakuna. Najua kuna kitu sikijui, na kutokukijua kunaniuma.

Nikaenda kituo kimoja cha mafunzo ya amali kuulizia. Nikawakuta vijana wa miaka 18, na wawili kati yao niliwasomesha darasa la sita. Mmoja alikimbia kuniletea kiti, akidhani ndiye mwalimu wao mpya. Nikaona haya. Nikasema nimekuja kumuulizia mtoto wa kaka yangu nafasi, nikarudi zangu.

Nyumbani mambo ni mazito. Mke wangu kaniambia neno moja tu: "Mshahara hata ukiwa mdogo unaingia. Friji bovu halina tarehe." Baba mkwe yeye kasema barazani, baada ya sala ya Ijumaa, watu wanasikia, kwamba alimuoza binti yake kwa mwalimu, hakumuoza kwa fundi. Nimekuwa mnyonge tangu siku ile.

Rafiki yangu ananishauri nivumilie mpaka miaka 55 nistaafu kwa hiari, ndipo nifanye nitakalo. Mimi moyo unaniambia niandike barua ya kuacha kazi, mwezi wa kwanza nianze chuo. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, umebakia miaka miwili, lakini hilo dogo.

Je, nimechelewa?

Mwalimu, Wete

*

Mwalimu, wa alaykumu s-salaam. Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi. Skuli umeiandikia mistari mitatu, na yote ya heri. Mafriji umeyaandikia karibu nusu ya barua. Mtu anayeikimbia kazi yake huandika ubaya wake: mkuu kanionea, watoto watundu, darasa limejaa. Wewe hukuandika hata moja. Hilo limenituliza, maana anayekimbia humwambia kwanza akae, apumue. Wewe unakwenda kwenye kitu, hukimbii kitu.

Lakini nimehesabu na jengine. Mafriji kumi na moja umeyataja, mengine mpaka mitaa ya wenyewe. Rilei umeitaja, gesi umeitaja, hata kiberiti umekitaja. Shilingi hukuitaja mahali popote. Mwalimu wa hisabati kaniandikia barua nzima ya kazi, na ndani yake hakuna tarakimu hata moja ya malipo.

Kwa hiyo nakuuliza: mama wa Limbani alikupa nini? Bwana wa friza, ambaye ulimuokolea mzigo mzima wa samaki, alikupa nini? Nahisi najua. Alikupa changu wawili na "Mungu akulipe, Mwalimu." Ni vitu vizuri, na dua haina bei. Ila mke wako ameyaona yale mafriji kumi na moja yakiingia na kutoka uani kwake, amekuona ukirudi saa nne za usiku na grisi mikononi, halafu asubuhi ameitafuta pesa ya mkate pale pale alipokuwa akiitafuta siku zote. Anaposema friji bovu halina tarehe, wewe umemsikia anaudharau ufundi. Mimi namsikia anafanya hesabu ambayo wewe hujaifanya.

Hapo ndipo penye shida, Mwalimu, si kwenye miaka 44. Mkono wako naamini unaweza. Sijui kama mdomo wako unaweza kusema, "Ni elfu ishirini, na kifaa juu yako." Katika mji ule wewe umewasomesha watoto wa kila nyumba. Kila utakayemfungulia friji ni mzazi wa mwanafunzi wako, au alikuwa mwanafunzi wako, au mnakutana safu moja msikitini. Hawatakudhulumu kwa ubaya. Wanakuona ni wao, na wa kwao hatozi.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Nilikuwa mpiga taipu ofisini miaka 17. Kompyuta zikaja, nikaona kazi yangu inakwenda na maji, na nilipofika miaka 39 nikaenda kujifunza kushona kwa fundi mmoja wa Unguja ambaye kwa umri ni mdogo wangu. Kushona nilikujua upesi. Mwaka wa kwanza nilishona sare za skuli za nusu ya mtaa, na mwisho wa mwaka nikawa na daftari limejaa madeni ya watu ninaokwenda nao harusini na mazishini, na cherehani mwenyewe sijamaliza kumlipa aliyenikopesha. Nililia. Kilichonitoa ni vitu viwili. Niliandika bei kwenye kipande cha boksi nikakitundika ukutani, gauni hivi, sare hivi, kukunja pindo hivi. Watu waliisoma wenyewe, sikulazimika kuitamka. Na pesa nikamwachia binti yangu azipokee. Mimi nilipima na kukata, yeye akaandika na kupokea. Tangu hapo hakuna aliyenuna, na waliopungua ni wale waliokuwa hawalipi.

Sasa nisikilize. Barua ya kuacha kazi usiiandike. Mwaka huu usiiandike kabisa.

Wewe una zamu ya asubuhi. Baada ya sala ya adhuhuri siku ni yako, na likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili ni zako. Watu wengi wanaotaka kubadilisha kazi hawana wakati huo. Tafuta fundi wa kweli, Wete au Chake, mwenye pampu ya kuvutia hewa na geji na mzani, umwambie unataka kukaa naye jioni kama mwanagenzi, bila malipo, miezi sita. Usimwambie unataka kujua. Mwambie unataka kubeba. Utajua tu.

Nasema hivi kwa sababu ya yale mafriji yanayokurudia. Kijana wa jirani yangu ni fundi wa viyoyozi hotelini huko Unguja. Nilimsomea kipande kile bila kukutaja. Hakuniacha nimalize, akauliza: "Anavuta hewa kabla ya kujaza?" Akanieleza kwamba gesi ya friji haichakai wala hailiwi, inazunguka humo humo miaka na miaka. Ikipungua, basi pana tundu, na kujaza bila kulitafuta tundu ni kutia maji kwenye pakacha. Na hewa ikibaki ndani, unyevu wake huganda kwenye kile kijibomba chembamba, ukaziba njia, na filta isipobadilishwa kila ulipofungua, ndiyo hivyo tena. Hayo ndiyo usiyoyajua, na wala si mengi.

Halafu akasema jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote katika barua hii. Mafriji mengi ya zamani yana gesi iitwayo R134a, ambayo haiwaki. Mapya mengi yana R600a, na hiyo ni gesi ya jamii moja na ya jikoni. Inawaka. Kwenye friji inajazwa kidogo sana, kwa mzani wa gramu, si kwa kukisia kwa sikio. Mtu akipeleka moto wa kuchomelea kwenye bomba lenye R600a bado ndani, anaungua uso. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa na nyuma ya friji. Lisome kabla hujashika kitu. Na mpaka utakaposimamiwa na anayejua, kazi za gesi zikatae. Rilei, thamostati, raba ya mlango, taa, waya, fanya. Gesi sema, "Hii bado, nenda kwa fulani." Wewe ni mwalimu wa sayansi, umewasomesha watoto habari za tabaka la ozoni. Basi ujue kwamba huo ufundi unaoutaka ndimo habari hizo zilimotoka: gesi ya R12 ya zamani iliondolewa kwa sababu ya Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kuzuia gesi zinazoharibu ozoni. Una akili ya kuielewa kazi hii kuliko wengi wanaoifanya. Ndiyo maana nataka uisome, usiibahatishe.

Na chuo uende. Pemba kuna vituo vya mafunzo ya amali, Vitongoji na Daya, na njia si moja tu ya kukaa darasani kutwa nzima. Kaulizie kozi fupi, kaulizie mafunzo ya uanagenzi, ambayo mtu anafanya kazi kwa fundi na anasoma chuoni. Cheti utakihitaji. Siku utakapotaka kazi ya hoteli au ya ofisi ya serikali hawatakuuliza kama Wete wanakujua.

Ile haya ya kiti imenigusa. Kijana alikukimbilia kwa adabu uliyomfunza wewe, na wewe ukamjibu kwa kumbunia mtoto wa kaka. Rudi kwake. Mwambie ukweli: nimekuja kwa ajili yangu. Kijana yule yuko mbele yako sasa, anaijua pampu usiyoijua, na ana mgongo wa miaka 18. Friza moja linataka watu wawili kulibeba, na goti la miaka 50 si goti la leo. Nani ajuaye, huenda huyo ndiye mwenzako wa kazi wa baadaye. Umri wa kusoma usikutie hofu. Pale Kinyasini, Unguja, Barefoot College imekuwa ikiwafunza akina mama wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Wengine ni bibi za watu, wengine skuli hawakufika mbali, na wanakaa miezi kadhaa wakiunganisha vifaa mpaka wanarudi vijijini kwao kuwasha taa na kuzitengeneza. Wewe umeshika chaki miaka 21, utashindwa na nini?

Kuhusu pesa sina budi kuwa mkali kidogo. Umeandika mkopo wa benki, "lakini hilo dogo." Si dogo. Mshahara ukisimama, makato yanasimama, deni halisimami. Toa mkataba wako kabatini uusome wote, uone benki inafanya nini mtu akiacha kazi, na uone jina la nani limeandikwa kama mdhamini. Kama ni rafiki yako mwalimu mwenzako, basi unataka kuacha kazi juu ya mshahara wake. Miaka miwili hiyo ndiyo muda wako wa kujifunza. Umepewa tayari, usiutupe.

Ukitoka hapo, nenda ofisi za ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, pale Chake Chake. Waombe taarifa ya michango yako yote, kisha waulize maswali matatu: nikitoka leo nina nini, nikitoka baada ya miaka miwili nina nini, nikingoja 55 nina nini. Waandikishe majibu kwenye karatasi. Na kwa afisa utumishi wako uliza, kwa maandishi, kama unaweza kupata likizo ya masomo au likizo bila malipo, wakati ukifika. Kuna tofauti kubwa ya kutoka mlangoni na kuufunga, na kutoka mlango ukiwa umerudishiwa tu.

Rafiki yako anayesema ungoje 55 simkubali. Miaka 11 ni mingi kuilaza kiu, na ufundi huu unataka mgongo. Lakini na mwezi wa kwanza nao ni upesi mno. Tazama mafriji yako kumi na moja yalikuja lini. Shaaban na Ramadhani, wakati kila nyumba inataka barafu ya futari na juisi ya ukwaju. Huo ndio msimu wa fundi wa mafriji. Sasa kinakuja kipupwe, maji ya mtungi yanatosha, na mtu friji lake likifa anasema litangoja. Kisha karafuu, watu wana pesa, wanalipa hata madeni ya mwaka jana. Ukiupima ufundi kwa Ramadhani peke yake utajidanganya. Uupime mwaka mzima, kipupwe kikiwemo ndani. Miezi ya ukame wa kazi ikikupa kile unachokipata mkononi baada ya makato, hapo niandikie tuzungumze habari ya barua ya kuacha kazi.

Mke wako mpe daftari. Usimpe ahadi wala usimpe hotuba. Nunua daftari la kurasa mia, mwambie: kuanzia leo kila friji linaloingia uani wewe unaliandika, tarehe, mwenyewe nani, bei gani, kalipa au bado, na pesa ni wewe unayezipokea. Bei ziandike kwenye boksi, zitundikwe mlangoni. Akikataa kulishika daftari, usilazimishe, mpe mkubwa wako wa kidato cha tatu, au yeyote mwenye mwandiko mzuri. Lakini sidhani atakataa. Yeye amekwambia shida yake ni tarehe. Daftari lina tarehe.

Baba mkwe usijibizane naye. Barazani alikosea kusema mbele za watu, najua kumekuchoma, ila ni mzee anayemhofia binti yake na wajukuu, na hofu ya wazee hutoka kwa ukali. Endelea kumwamkia kama ulivyokuwa ukimwamkia. Friji lake likiharibika nenda siku hiyo hiyo, ulitengeneze vizuri kuliko yote, na usimtoze. Awe yeye peke yake wa bure katika daftari zima, na mke wako aandike hivyo hivyo: baba, bure.

Wengine wote walipe, na mama wa Limbani awe wa kwanza. Anauza barafu, anajua bei ni nini.

Niandikie tena kipupwe kikimalizika. Sitaki habari za kompresa. Nataka mwezi wa sita umepata ngapi, wa saba ngapi, wa nane ngapi, nani hajalipa, na ZSSF wamekujibu nini kwa yale maswali matatu. Na kijana wa kiti, jina lake nani?

Shangazi yako